Vigoda vya Mazimwi

Vijana waliokuwa wakichimba kaburi la mdogo wangu Masanja walisimama, na mmoja akasema jembe limegonga mti. Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye jamvi upande wa jikoni, lakini nilijua ni nini kabla hawajakitoa. Udongo wa kando ya zizi letu una harufu yake: juu kuna samadi ya zamani iliyogeuka vumbi, chini kuna ubichi wa udongo mweusi wa mbuga. Harufu ile ilipanda ikanifikia pale nilipokaa, na kwa mara ya kwanza tangu mwili uletwe kutoka machimboni, nikalia. Watu walidhani nalia kwa sababu kaburi limekaribia kukamilika.

Wenzangu wa rika langu waliokulia pembezoni mwa Bariadi watayakumbuka mabanda ya gemu. La kwetu lilikuwa la Shija, nyuma ya mashine za kusaga. Kuta zake zilikuwa za mabati, na mlangoni palining'inia pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja ili jua lisiharibu picha. Ndani mlinuka jasho la watoto, unga wa mahindi uliopenya kutoka mashineni, na waya uliochomwa, maana Shija alikuwa pia fundi wa simu. Alifanya kazi yake kwenye kona huku akitazama televisheni kwa jicho moja, na hakuna kilichompita.

Wavulana wengi walikwenda pale kucheza gemu la mpira. Lakini katika rundo la sidii alizonunua Mwanza palikuwa na moja isiyo na jalada, imekwaruzika, ambayo hakuna aliyejua jina lake. Ndani yake kulikuwa na msafiri mwenye upanga anayetembea nchi ndefu isiyokwisha. Ukienda naye kaskazini unapanda milima, na huko milimani unakuta mji wa mazimwi. Mji wenyewe umekufa. Nguzo zimesimama, paa zimeanguka, meko ni makubwa kama nyumba ya mtu, na kwenye meko kuna majivu tu. Mazimwi yenyewe yamebaki machache, yanakaa mapangoni mojamoja, hayajui kusema, ukiyakaribia yanarusha mawe.

Masanja aliupenda mji ule kuliko kitu chochote. Alikuwa akimtekea maji mama yake Shija, na kwa sababu hiyo banda likiwa tupu aliruhusiwa kushika pedi ya kuchezea. Mimi niliingia kwa mara ya kwanza nikiwa na fimbo mkononi, nimetumwa na mama kumrudisha nyumbani. Nilimkuta amesimamisha msafiri wake mbele ya jiwe lenye maandishi. Hakugeuka. Alisema tu, "Dada, nisomee hapa halafu unichape."

Nilikuwa nimeanza sekondari, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Nilisoma maneno machache, mengine nikayatunga. Nilimwambia limeandikwa kwamba hapa waliketi wakubwa, na moto haukuwahi kuzimika. Kuanzia siku ile nikawa msomaji wa banda. Shija mwenyewe alikuwa akituma mtoto kuniita wakipata jiwe jipya.

Swali lilikuwa moja: dola kubwa kama lile, lenye majumba ya mawe na barabara, lilikufa vipi? Gemu halikusema. Kila mtu alikuja na lake. Shija alisema ni vita, binadamu waliungana wakayamaliza mazimwi, na atakayebisha akafungue banda lake. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akija kuchaji simu, alisema ni ukame, kwa kuwa visima vyote vya mjini mle vilikuwa vikavu na yeye alikuwa amelima pamba miaka ya kutosha kujua nchi iliyokauka inavyofanana. Elikana, aliyeimba kwaya, alisema Mungu aliyaadhibu kwa kuabudu moto. Wakabishana mpaka wenye mpira wakalalamika.

Masanja hakuwa na nadharia mwanzoni, alikuwa na vitu alivyoviona tu. Alimwonyesha Shija kwamba milango ya mji ule haikuvunjwa. Ilikuwa imerudishiwa, na makomeo yake yamepachikwa kwa nje. "Jeshi gani hilo," aliuliza, "linalomaliza kuua halafu linafunga mlango vizuri?"

"Wewe ni wakili wa mazimwi?" Shija akamjibu, na banda zima likacheka. Jina lile likamganda. Wakili.

Kitu cha pili kilikuwa vigoda. Kwenye kila meko la mazimwi kulikuwa na duara la alama chini, mahali ambapo kitu kidogo kilikaa kwa muda mrefu kikaacha jiwe likiwa safi. Vitu vyenyewe havikuwapo. Lakini ukishuka mabondeni kwa binadamu, ukiingia nyumba moja hapa na nyingine kule, unakuta pembeni kigoda cha mawe cha kizimwi. Ukikigeuza, chini kina alama ile ile ya milimani. Shija alisema hizo ni nyara, mshindi huchukua chochote. Masanja akauliza kwa nini mshindi achukue kigoda kimoja kidogo na kuacha vyungu vya shaba.

Nilielewa kwa nini jambo hilo lilimkaa kichwani. Kwetu, katika ukoo wa baba yangu, mtoto akianza kukaa mwenyewe baba yake humchongea kigoda, na chini yake huchoma alama ile ile anayowachoma ng'ombe wake. Kigoda hicho hakikaliwi na mtu mwingine. Ukihama kwenda kuishi chini ya paa la mtu, kwa kuolewa au kwa kulelewa, unakwenda nacho, na kinatangulia kuwekwa mekoni kwa wenyeji kabla wewe hujakaa. Kumchukua mtoto bila kigoda chake ni sawa na kumwiba kwa baba yake. Baba alituchongea vitatu kwa mninga: changu, cha Masanja, na cha Kabula, mdogo wetu wa mwisho, ambacho kilikuwa kidogo hata kuku angekiangusha.

Mama alifariki msimu wa kupalilia. Baba alimzika, akarudi shambani, na kabla pamba haijafunguka naye akalala. Sikumbuki mengi ya wiki zile isipokuwa harufu ya majani waliyomchemshia, na sauti ya Kabula akimuuliza kila mgeni kama amekuja na mama. Baba alizikwa kando ya zizi, kama alivyotaka. Ndugu wakaja wakajaa nyumbani. Walileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, walileta mtama, na kila jioni wanaume walisimama kwenye ua wa minyaa wakitazama ng'ombe wakiingia. Mimi niliona upendo tu. Nilidhani wanamhesabia baba mifugo yake ili asipate wasiwasi huko aliko.

Masanja alitoroka msibani siku moja akaenda bandani. Nilimfuata nikiwa na hasira, nikiwa tayari kumchapa kweli mara hii. Alikuwa ameketi na pedi, msafiri wake yuko pangoni, na zimwi moja linamrushia mawe. Hakuwa anapigana nalo. Alikuwa akisogea nyuma kidogo kidogo ili lisimfikie. Shija alimwambia alimalize zimwi hilo. Masanja akakataa.

"Hawakupigwa," alisema. "Wakubwa walikufa karibu karibu. Ndugu wakaja wakagawana watoto, kila mtoto na kigoda chake. Waliobaki mapangoni ni wale waliokosa mtu wa kuwachukua. Ndiyo maana hawajui kusema. Hakuna aliyekaa nao akawafundisha."

Shija aliinama akaendelea na simu yake. Dereva wa bodaboda akasema kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, wakili." Hakuna aliyecheka.

Njiani Masanja aliniambia alichosikia. Alikuwa nyuma ya ghala wazee wakizungumza. Kikao kingefanyika baada ya ibada ya Jumapili. Yeye angekwenda Mwamanyili kwa baba mdogo kuchunga. Kabula angechukuliwa na shangazi wa Kiloleli. Mimi ningepelekwa mjini kwa mtu aliyetaka msichana wa kazi, mpaka apatikane wa kunioa. Ng'ombe wangekwenda na baba mdogo. Alisema neno walilotumia ni kugawa, na sisi watoto neno hilo tulilijua kwenye nyama tu. Kabula, niliyekuwa nimembeba mgongoni, akauliza nani atapata kichwa.

Masanja akasema kuna njia. Kama katika mji wa mazimwi vigoda visingepatikana, watoto wasingeondoka; sisi tungevificha vyetu. Sikumwambia kwamba lile ni gemu. Sikumwambia kwa sababu niliamini kama yeye. Nilikuwa mkubwa kwao, nimesoma Kiingereza, na bado nilisimama barabarani nikaona kwamba mtoto huyu amepata jibu ambalo wazee wote wamelikosa.

Jumapili watu wakiwa kanisani, tulibaki na Kabula tukisingizia ana homa. Tuliingia zizini. Masanja alichagua mahali, karibu na kaburi la baba lakini upande wa ndani wa ua, ambako udongo ulikuwa umelainishwa na kwato. Mimi ndiye niliyechimba. Tulivifunga vigoda katika kanga ya mama, tukavilaza, tukafukia, kisha tukamwaga samadi juu na kupitisha ng'ombe mara kadhaa. Kabula alilia kwa kuwa hana pa kukaa. Nilimweka kwenye paja langu, na kwa kweli tangu siku hiyo alikuwa akikaa hapo.

Kikao kilianza vizuri. Baba mdogo alikuwa mtu wa sauti ya upole, kiongozi katika kanisa lake, na alizungumza kama aliyefikiria kila kitu. Alisema tusiteseke. Alisema damu haipotei. Wazee wakaitikia. Shangazi wa Kiloleli, aliyekuwa bado akifunga uzi mweusi mkononi na kuzungumza na marehemu wake kila asubuhi, akainuka kwenda mekoni kuchukua kigoda cha Kabula. Akarudi mikono mitupu. Akaingia nyumbani, akatoka. Akaniuliza mimi. Nikasema tulivikuta havipo.

Walitafuta ghalani, chini ya kitanda, darini. Baba mdogo alizunguka peke yake mpaka zizini akarudi, miguu yake ina tope. Hakusema kitu. Shangazi alikuwa amekaa chini, kanga imemwanguka begani.

"Kaka amevichukua," alisema. "Amekataa watoto wake wachukuliwe."

Nilimtazama baba mdogo nikingojea amkemee, kwa maana mambo hayo ndiyo aliyokuwa akiyakemea kanisani. Alitazama miguu yake. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Basi. Tusilazimishane na marehemu. Watoto wabaki kwa baba yao."

Wakaondoka kabla ya jua kuzama. Ng'ombe walikwenda Mwamanyili kutunzwa, isipokuwa mmoja mzee aliyekwisha kukatika maziwa. Masanja alinishika mkono jikoni akaminya mpaka ukauma. Alikuwa akicheka bila sauti. Tulikuwa tumeshinda.

Kuhusu yaliyofuata sina maneno mengi. Hakuna aliyerudi. Mwanzoni nilifikiri wana shughuli za mavuno, kisha nikaelewa kwamba wanaogopa kwetu. Watu wa ukoo wakipita njia ya mtoni walipita upande wa pili. Chakula cha msiba kiliisha. Niliacha shule bila kumuaga mtu, sare nikaikata nikamshonea Kabula gauni. Nilipalilia pamba za watu, nilichuma pamba za watu mpaka vidole vikachanika kwa maganda, na nikirudi nilipika mlenda siku tatu mfululizo na kuwaambia ni kwa sababu ninaupenda. Mvua za kwanza Kabula aliugua. Alichemka siku nyingi, na nilipompeleka zahanati nikiwa nimembeba, nesi aliniuliza mkubwa wangu yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akauliza tena, akidhani sikumwelewa. Kabula alipona, lakini sikio lake la kushoto halikurudi, na mpaka leo ukitaka akusikie lazima ukae upande wa kulia.

Masanja hakurudi tena kwenye mji wa mazimwi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alisema tayari anajua ulivyokufa, hana haja ya kuuangalia. Sauti yake ilipoanza kuvunjika akaenda kuchunga kwa watu, kisha akasikia habari za machimbo. Niliweka mguu mlangoni siku aliyoondoka. Aliuinua taratibu kama unavyoinua mguu wa mtoto aliyelala, akapita. Alituma salamu, alituma mabati ya kuezekea jiko, mara moja alituma picha yake akiwa ndani ya shimo anacheka, uso umejaa vumbi jeupe. Kabula aliolewa Kiloleli, umbali mfupi tu kutoka nyumba ya shangazi. Kwa hiyo wote wawili walikwenda, mmoja hata kule kule alikotakiwa kwenda, ila walikwenda bila vigoda. Mimi sikuondoka. Nililima shamba la baba, nikajenga upya ukuta ulioanguka, nikapanda minyaa mingine pale penye pengo. Ukiniuliza kama najuta, sijui nijute nini. Waliamka kila asubuhi wakanikuta.

Mwaka juzi mtoto wa Kabula alinionyesha kwenye simu kwamba gemu lile bado linaongelewa na watu wa nchi za mbali. Wanabishana dola la mazimwi lilianguka vipi. Vita, ukame, laana. Walioliunda hawajawahi kusema. Nilimwambia atafute kama kuna mtu aliyeandika kuhusu vigoda. Alitafuta muda mrefu. Mmoja tu alikuwa amevitaja, akasema ni mapambo.

Halafu shimo likatitia kule machimboni, na Masanja akaletwa nyumbani katika gari la watu.

Nilisimama nikaenda kaburini. Vijana walikuwa wamevitoa vyote vitatu na kuviweka juu ya kifusi. Kanga ya mama ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi, lakini mninga ni mninga. Vilikuwa na uzito ule ule. Nilikigeuza cha Masanja, nikapangusa udongo kwa kidole, na alama ya ng'ombe wa baba ikatokea. Wanawake wa makamo walianza kunong'ona na kurudi nyuma. Shangazi alikuwa amekwisha kufariki, hakuwapo wa kusema kaka amerudisha.

Baba mdogo alikuwapo. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, ameletwa na wajukuu kutoka Mwamanyili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kwetu tangu siku ya kikao, na asubuhi tuliposalimiana alinipa mwangaluka bila kunitazama usoni. Wengine wote walikuwa wakitazama vigoda kwa mshangao. Yeye hakushangaa. Nikakumbuka miguu yake yenye tope.

Nikamwambia ni Masanja aliyewaza, na mimi ndiye niliyechimba.

"Najua, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Siku ile niliuona udongo mbichi. Niliona na jembe lenu pale ukutani, halijakauka."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Sauti yake ilikuwa bado ya upole, kama kanisani.

"Kwangu kulikuwa na watoto wengi, na mahindi hayakuwapo. Nyinyi watatu mlikuwa mmejifungulia mlango wa kubaki. Nikakutazama, nikaona wewe unaweza."

Kwa miaka yote niliamini kwamba tuliwatisha wazee, kwamba watoto watatu na kanga moja waliushinda ukoo. Pale kaburini ndipo nilipoona kwamba hatukumshinda mtu. Tuliwapa ruhusa waliyokuwa wanaitafuta, nao wakaichukua kwa adabu.

Masanja tukamlaza. Mchungaji akaomba, Kabula akasimama upande wangu wa kushoto ili sikio lake zima liwe kwangu, nikamrudia maneno ya mchungaji wakati wa kumwaga udongo ulipofika. Tulipomaliza nilivibeba vigoda mpaka jikoni, nikaviweka kuzunguka meko mahali pake, ambapo sakafu nimeisiriba tena na tena lakini mimi najua kila kimoja kilipokaa. Baba mdogo alikuja nyuma yangu polepole. Alikuwa amechoka, pumzi zinamkatika. Alinyoosha mkono kwenye kigoda cha Masanja ili akae.

Nilitoka nje nikamletea kiti cha plastiki, vile vya kukodi vya msibani. Alikitazama, akakaa. Nikampa maji, nikampa chakula, nikamsindikiza mpaka kwenye ua wakati gari lilipoita. Sikumwambia neno baya, na yeye hakuniomba kitu.

Nilibaki nimesimama ndani ya ua. Baba mdogo alipita langoni, akageuka, akalirudishia lango mwenyewe kwa mikono miwili, akapachika komeo lake la mti kwa nje, taratibu, akahakikisha limeshika. Kisha akaondoka.